Fundi Aliyeishia Kigwa

Jina lake nalijua ila sitaliandika. Ukimwita kwa jina aliitika polepole, kama mtu aliyeamshwa mchana. Ukisema "Fundi" aligeuka papo hapo na spana mkononi. Basi Fundi ndiye. Alizaliwa wapi na wazee wake walitoka upande gani, hayo nayaacha. Sisi wa Tabora mjini ukianza kutufukua utakuta Mmanyema, Mnyamwezi na Mwarabu wanakula sinia moja, na hutamaliza leo. Mimi nataka kueleza jinsi mtu huyu alivyoniudhi. Hayo nayajua vizuri, wala sikuhitaji shule kuyajua.

Shule yenyewe niliiacha mapema. Kazi yangu ilikuwa asali. Naingia mapori ya Sikonge, napakia madebe kwenye karia, narudi mjini nikiomba mfuniko usifunguke, maana asali ikimwagikia cheni nyuki watakusindikiza hadi mlangoni kwako. Mtu wa kazi hiyo baiskeli ndiyo mguu wake, na mguu ukiuma unapelekwa kwa mganga. Ndivyo nilivyomjua Fundi. Kibanda chake kilikuwa upande wa sokoni, ringi kuukuu zimening'inia juu kama bangili za jini, na yeye chini yake amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, anamtukana mtu.

Alikuwa na matusi ya adabu. Mtu akija na tairi limepasuka kwa kupakia magunia kupita kiasi, alimwambia, "Wewe ungekuwa punda, punda wenzako wangekushitaki." Mtu mwenyewe anacheka, na kabla hajamaliza kucheka kiraka kimeshabandikwa. Hapo ndipo penye ajabu yake. Kwa kazi ya mwingine alikuwa mwepesi kama paka. Tairi zilipoadimika madukani alishona tairi kwa uzi wa viatu, akakata viraka katika mipira ya gari, akakuachia ukaenda zako. "Baiskeli iliyosimama inaota kutu," alisema, "na mwenye baiskeli vile vile." Kauli hiyo aliisema kila siku. Safari yake mwenyewe aliikalia tangu bendera ya Uhuru bado mpya mpaka vijiji vya Ujamaa vikaja, na yeye bado kakaa kwenye kigoda.

Nieleze safari hiyo, ndiyo chanzo cha ugomvi wote.

Njia ya zamani ya misafara ikitoka Tabora kuelekea pwani inapita Kigwa, inapita Rubuga, inafika Tura. Baada ya Tura linaanza pori kavu la miiba, siku nyingi kwa miguu, halina mto wala chemchemi ya kutegemea. Wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Wazee wetu waliobeba pembe walisimulia kwamba humo mtu alitupa mzigo wake, halafu akatupa nguo, halafu akakaa chini. Fundi hakuwahi kufika huko. Lakini alikulia katika masimulizi hayo, na akakusudia kulivuka Mgunda Mkali kwa baiskeli mpaka Ugogo, tena wakati wa kiangazi.

"Kwa nini kiangazi?" nilimuuliza.

"Ukivuka masika umevuka matope, Asali." Mimi aliniita Asali mpaka mwisho. "Nataka kuvuka lile lile walilovuka wao."

Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa akikaanga vitumbua mlango wa pili wa kibanda, na masikio yake yalifika kote.

"Treni inapita huko huko, mume wangu. Unakaa dirishani, unakula karanga, unafika."

"Hata gunia la karanga hufika kwa treni, Mwajuma."

"Basi gunia lina akili."

Mimi nilikuwa upande wa Fundi, na nasema wazi kwa nini. Maisha yangu yote nimepanda baiskeli nyuma yangu pana madebe. Kule kwenda bila mzigo, kwenda ili kufika tu, kuliniingia moyoni kama homa. Na mwenzetu wa tatu alikuwa Luhende, mkulima wa mihogo kule Kipalapala, jirani wa mapadre, mtu mrefu mwenye baiskeli ya Kichina iliyomfupia hata magoti yakaupita usukani. Luhende alitaka kwenda kwa sababu babu yake aliingia Mgunda Mkali na hakutoka. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, "Nitapaona," basi.

Safari yetu tuliipanga juu ya jamvi. Wengine wana ramani, sisi tulikuwa na nati. Fundi alimimina nati za baiskeli kutoka kwenye kopo, akazipanga kwa mstari kutoka Tabora kwenda mashariki, kila nati mahali pa maji. Nati kubwa maji matamu, nati ndogo maji ya chumvi, nati yenye kutu dimbwi la kubahatisha. Kila nati aliipata kwa mtu: mkata mbao, mrina asali, mama aliyekuja hospitali kutoka Tura. Mteja yeyote kutoka upande ule alikaa anahojiwa wakati kiraka kinakauka. "Kisima cha nani? Kina ngazi? Mwenyewe ana roho gani?"

Kwake yeye swali la mwisho ndilo lililokuwa kubwa. "Njia haina mwenyewe," alisema, "lakini kisima kina mwenyewe." Nao ndio ukweli wa huko. Hufiki kisimani ukachota tu. Unapiga hodi, unasalimia, mwenyewe anakuchotea kibuyu cha kwanza kwa mkono wake, halafu ndipo unajichotea. Nati kubwa kuliko zote ilikuwa mbele ya Tura, mdomoni mwa Mgunda Mkali kabisa: kisima cha mjane mmoja ambaye watu wote walimsifu. Fundi alisema pasipo kisima kile safari haipo. Hapo ndipo pa kujaza vibuyu vyote na kujitosa.

Sasa nije kwenye Kigwa.

Msafara wa zamani haukutoka mjini ukaenda moja kwa moja. Kirangozi, yule mtangulizi anayeongoza njia, aliwatoa watu mjini kwa ngoma na tarumbeta, mchana kweupe, wake wanapiga vigelegele. Halafu akawalaza karibu tu. Kambi ya kwanza ilikuwa fupi makusudi, ili aliyesahau kitu arudi kukichukua. Baada ya kambi ile harudi mtu. Fundi aliishika desturi hii kama swala. Kwa miguu kambi ya kwanza ilikuwa pembezoni mwa mji. Kwa baiskeli, akasema, ni Kigwa.

Mara ya kwanza tuliyotoka, mji mzima ulijua. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa hakuelewa vizuri. Siku zile vijana walikuwa wanatembea mikoa kwa miguu kuunga mkono Azimio, naye akadhani na sisi ndio hao, ingawa kijana kati yetu hakuwepo. Akatuletea bendera ndogo tuifunge kwenye usukani wa Fundi, akatoa na hotuba. Bi Mwajuma alipiga kigelegele kimoja kirefu huku kijiko cha vitumbua kikiwa mkononi. Nilisikia raha ambayo sikuisikia hata siku ya harusi yangu.

Tukalala Kigwa. Asubuhi Fundi akagusa vitu vyake, akasema, "Pampu."

Alikuwa amesahau pampu. Fundi wa baiskeli! Tukasema tutamsubiri. Akasema msafara haukatiki vipande viwili, wote turudi. Tukarudi. Balozi alitukuta njiani karibu na soko, akatutazama, akaitazama bendera, akaifungua mwenyewe kwenye usukani. Tangu siku hiyo watu wa sokoni wakampa Fundi cheo: Balozi wa Kigwa.

Mara ya pili ilikuwa kiangazi kingine. Pampu ilikuwepo, niliifunga mimi mwenyewe kwenye baiskeli yake kwa mpira. Tukafika Kigwa, tukala ugali na maziwa mgando, tukalala. Alfajiri nasikia mtu ananitikisa.

"Asali. Nimeacha baiskeli ya mwalimu haina gurudumu."

"Mwalimu ana miguu."

"Ana miguu, ila gurudumu nimelifungia ndani, na ufunguo huu hapa."

Nikamwambia ufunguo tumpe mtu wa treni aupeleke. Akasema kumfungia mtu gurudumu na wewe kwenda zako ni dhuluma, na kwenye dhuluma maji hayapatikani. Ungemjibu nini? Alikuwa na namna ya kuwa na haki hata unatamani kumpiga. Tukarudi.

Bi Mwajuma siku ile aliniita pembeni. "Shemeji, unadhani anaogopa?"

"Mimi sijui, shemeji. Wewe unasemaje?"

"Simba haogopi. Kufa haogopi, sanda yake kaikunja sandukuni na naftalini. Nadhani anaogopa kufika." Akageuza kitumbua. "Akifika atakuwa anaongea nini jioni?"

Sikulipenda jibu lile. Bado silipendi, kwa sababu lilinifanya nimwonee huruma wakati nilikuwa na haki ya kukasirika.

Kati ya mara ya pili na ya tatu ndipo watu walipohamishiwa vijijini. Nisieleweke vibaya, shule tuliziona, zahanati tuliziona, na mimi nilishangilia kama wengine. Lakini vitongoji vya ndani vilivyokaa kwenye njia ya zamani viliambiwa visogee barabarani na relini. Kila mteja aliyetoka mashariki alileta habari. Fulani kahama. Fulani nyumba yake imeezuliwa. Na Fundi, mkono wake mweusi kwa grisi, anainama juu ya jamvi, anaokota nati, anaitupa koponi. Ngring. Sauti ile niliichukia. Kila mwaka tuliokaa Tabora tukitafuta pampu na funguo, njia ilikuwa inakauka mbele yetu. Nikamwambia hivyo hivyo. Nilisema, "Fundi, unangoja nini? Nati zitakwisha!"

"Haraka ina kiu yake," akasema.

"Na uvivu je?"

"Uvivu una kivuli."

Nilitupa chini kibuyu nilichokuwa nimeshika. Bi Mwajuma alicheka mpaka akaunguza vitumbua.

Lakini akakubali kutoka, na ile ilikuwa mara ya tatu. Mstari wa nati ulikuwa na mapengo kama mdomo wa mzee, ila nati ya mjane ilikuwa bado ipo. Hakuna aliyeleta habari kwamba kahama. Safari hii hakukuwa na kigelegele wala bendera. Tukafika Kigwa. Asubuhi tukanywa uji. Luhende akafanya ishara ya msalaba, Fundi akatandaza vitu vyake vyote juu ya kitenge, akagusa kimoja kimoja: pampu, viraka, spana, vibuyu, kisu, sukari guru. Akavigusa tena.

"Umesahau nini?" Luhende akauliza.

"Sikusahau kitu."

"Alhamdulillahi," nikasema, "tupande."

"Hapana. Hapo ndipo panaponitisha. Mtu hatoki kwake asisahau kitu. Asiyekijua alichosahau kambi ya kwanza, basi kasahau kitu kikubwa, na atakikumbuka mahali pasipo na maji."

Luhende, ambaye sikuwahi kumsikia akimkosea mtu, alimtazama kutoka juu ya urefu wake. "Ulichosahau ni akili, Fundi."

"Huenda," akasema. "Ngoja nirudi nikaitazame."

Na akafunga mizigo, akaelekeza baiskeli Tabora. Nilimwita majina ambayo hayaandikiki. Hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, anakanyaga pedali polepole kama mtu anayetoka msikitini.

Mimi na Luhende tukaenda mbele. Mbele ya Kigwa pana kizuizi cha mbung'o, mtu ana wavu anawakamata wadudu waliokupanda mgongoni. Alipotupitisha tulijisikia wanaume. Tukapita Rubuga, tukafika Tura, tukaendelea mpaka kwa mjane. Nyumba ilikuwa haina paa. Kisima kilikuwa kimebomoka, ngazi imeliwa na mchwa, chini pana tope na chura mmoja aliyekufa. Mjane alikuwa amehamishwa mvua ziliposimama, na habari ilikuwa bado haijafika kibandani kwa Fundi. Tulilala pale na vibuyu vitupu. Kulipokucha Luhende alikwenda hatua chache ndani ya miiba, upande alikopotelea babu yake, akasimama, akarudi. "Nimepaona," akasema. Tukajikokota kurudi stesheni ya Tura, midomo imepasuka, tukapakia baiskeli behewani pamoja na magunia ya karanga.

Nilikwenda moja kwa moja kibandani kumweleza, nikitaka aone aibu. Alisikiliza yote.

"Kisima cha mjane kimekufa," nikamaliza.

"Na mjane mwenyewe?"

"Mzima. Kahamishiwa barabarani."

"Basi hakikufa. Kimefiwa." Akaiokota ile nati kubwa. Sikusikia ngring. Aliitia mfukoni.

Nikatoka, na sikukanyaga tena kibandani kwake. Baiskeli yangu nikawa naitengeneza mwenyewe, vibaya. Nikasikia baadaye kwamba kibanda kimefungwa, vipuri hakuna, na Fundi na mkewe wamehama mji. Wamehamia wapi? Nilipoambiwa nilicheka kicheko kibaya. Wamehamia Kigwa. Watu waliokusanywa pale walikuwa na baiskeli nyingi na hawakuwa na fundi. Sokoni wakasema Balozi kaenda kukaa kwenye ubalozi wake.

Miaka ikapita. Luhende akafariki, Mungu amrehemu, tukamzika Kipalapala. Mimi nikazeeka nikiwa bado na madebe yangu, na kwa kuwa asali ya Sikonge ilikuwa na wanunuzi wengi kuliko mizinga, nikaanza kuitafuta upande wa mashariki, Tura na kuzunguka kwake. Njia ya Tura inapita Kigwa. Mara kadhaa nililingoja jua la utosini ili nipite watu wakiwa ndani. Siku moja tairi la nyuma likaishiwa upepo mbele ya nyumba yake. Ndivyo Mungu anavyocheza na watu.

Alikuwa kwenye kigoda kile kile. Ndevu nyeupe, goti moja amelifunga kitambaa.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Asali. Unapanda vibaya siku hizi, tairi limekula upande mmoja." Kana kwamba tumeachana jana. Akajaza upepo. "Unakwenda wapi?"

"Tura, kufuata asali."

"Umesahau nini?"

Hasira yote ya zamani ikanipanda. "Sikusahau kitu! Mimi sisahau! Ninakwenda na ninafika, wewe ndiye uliyekaa kambi ya kwanza ukaifanya nyumba!"

Bi Mwajuma akachungulia mlangoni. "Mwambie, shemeji. Mimi nimechoka kumwambia."

Fundi akatia mkono mfukoni akatoa nati ile kubwa. Ilikuwa inang'aa kwa kushikwashikwa. "Nasikia watu wameanza kurudi kwenye mahame yao. Ukifika kwa mjane, kama pana maji, iache pale. Kama hapana, nirudishie."

Nilitaka kuitupa vichakani. Niliichukua.

Na mjane alikuwa amerudi. Nilimkuta na mbuzi wake, mgongo umepinda, nyumba ina paa jipya la nyasi. Nilipiga hodi. Alinitazama sana, akasema kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikaitikia. Halafu akainama yeye mwenyewe, akanichotea kibuyu cha kwanza. Maji yalikuwa matamu, baridi, yana harufu ya udongo. Nilikunywa nikakumbuka midomo ya Luhende. Nati nikaiweka ukingoni pa kisima. Mjane akauliza ya nini. Nikamwambia ya mtu fulani. Akasema, "Si aje mwenyewe?"

Nilirudi Kigwa madebe yamejaa, karia inalia kwa uzito. Fundi alikuwa amesimama barabarani. Hakuniuliza kisima wala mjane. Alitazama mikono yangu, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto. Mitupu. Akaingia ndani. Nikadhani kaenda kuleta maji ya kunywa. Akatoka na baiskeli.

Vibuyu vilikuwa tayari vimefungwa. Sijui vilikaa vimefungwa muda gani. Akapanda kwa shida, lile goti lilikataa mara ya kwanza, la pili likakubali, na akaelekeza usukani mashariki.

"Fundi," nikasema, "kambi ya kwanza je? Hutagusa vitu?"

"Nimelala hapa miaka yote hii," akasema. "Hata desturi ina mwisho."

Akaenda. Bi Mwajuma akapiga kigelegele, sauti imekatika katikati kwa uzee, akaanza tena. Halafu akatazama ukutani, akashika kichwa.

"Pampu! Baba we! Umesahau pampu!"

Alikuwa bado hajafika mbali. Alisikia, niliona bega moja limeshtuka. Hakugeuka. Akapiga kengele mara moja na kuendelea kukanyaga kuelekea kizuizi cha mbung'o, polepole, mgongo umenyooka vile vile.

Bi Mwajuma akanitazama mimi. Mimi nikatazama upande wa Tabora, walipo wateja wangu na kitanda changu, nikatazama madebe yangu yaliyojaa hadi mdomoni, nikamlaani mtu yule kutoka utosini hadi kwenye pedali. Kisha nikaikwanyua pampu ukutani, nikageuza baiskeli na asali yangu yote nyuma, nikamfuata.